Nyuzi Bapa za Besi Zikigoma: Dalili, Visababishi na Dawa Yake

Mpiga gita la besi akivisha nyuzi bapa na sauti isije alivyotarajia, wa kwanza kulaumiwa ni uzi, wa pili ni muuzaji. Hapa Kisumu, ambako seti mara nyingi huagizwa Nairobi ikaja kwa basi, na bei yake inaweza kuwa mara mbili ya nyuzi za kawaida au zaidi, hasira hiyo inaeleweka. Lakini katika besi nyingi zinazofika mezani kwangu, uzi hauna hatia. Shida iko shingoni, kwenye nati, kwenye mikono ya aliyeuvisha, au kwenye spika. Basi kabla hujazing'oa, fuata dalili.

Tuelewane kuhusu vifaa. Uzi wa kawaida umezungushiwa waya wa mviringo, ndiyo maana kidole kinahisi mikwaruzo. Uzi bapa umezungushiwa utepe wa chuma uliolala. Pitisha ukucha juu yake, haukwami popote. Kwenye pakiti huandikwa "Flatwound" au "Flats". Nati ninayoitaja hapa ni kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji minne, pale shingo inapokutana na kichwa. Daraja ni kile kipande cha mwilini kinachoshika ncha za nyuzi, na vikalio ni vile vyuma vidogo vya darajani ambavyo kila uzi hulalia.

"Sauti imekufa tangu siku ya kwanza"

Uliza kwanza: zimekufa zote nne, au ni uzi mmoja?

Zikiwa zote nne, liache gita uende kwenye amplifaya au mikseta. Uzi bapa hauna mlio mwingi wa juu. Nguvu yake iko katikati, takriban kati ya hezi 200 na 800. Sasa mafundi mitambo wengi, wa makanisani na wa matangani, wana mkono mmoja tu wanaoujua: pandisha besi, pandisha treble, kata katikati. Kwa nyuzi za mviringo mtindo huo unavumilika, kwa sababu makali ya juu yanabaki kuonyesha noti. Kwa nyuzi bapa umeondoa kile kile ulichokilipia.

Tena fikiria E ya chini. Inatetema mara 41 kwa sekunde. Spika nyingi zinazopakiwa kwenye gari kwenda Ahero au Bondo haziwezi kutoa hezi 41 kwa nguvu yoyote ya maana. Sikio huitambua noti hiyo kupitia mitetemo iliyo juu yake, hezi 82, 123 na kuendelea. Ukikata katikati unabaki na mngurumo unaotikisa mabati bila mtu kujua ni E au ni F. Kwa hiyo rudisha katikati, punguza besi kidogo, fungua toni ya gita yote, halafu sikiliza tena ukiwa umesimama mbali na jukwaa. Kesi nyingi huishia hapo.

Ikiwa ni uzi mmoja tu uliokufa, mara nyingi E au A, shuku msokoto. Uzi bapa hauvumilii kusokotwa. Ukiushika kwa nguvu huku ufunguo wa kichwani, ule wa kutyunia, ukiuzungusha, msokoto unanaswa ndani, utepe unabana kiini, yaani waya wa ndani, upande mmoja kuliko mwingine, na uzi unatetema kwa kuyumba badala ya kwenda na kurudi. Utauona kwa macho ukiupiga wazi chini ya taa: haufanyi kivuli kilicho sawa. Legeza, toa ncha kwenye ufunguo, uache uning'inie na ujizungushe wenyewe mpaka utulie, kisha uvishe upya bila kuupinda kiholela.

Kisababishi kingine ni mkasi. Kuna watu hukata uzi ungali umenyooka, kabla ya kuuvisha. Utepe unaweza kufunguka kutoka kwenye kiini, na uzi wa namna hiyo haurudi. Pinda kwanza pembe kali pale utakapoingia kwenye ufunguo, ndipo ukate mbele ya hilo pindo.

Na tazama hariri. Nyuzi bapa nyingi zimezungushiwa nyuzinyuzi za rangi kwenye ncha. Za Thomastik-Infeld, kwa mfano, ni nyekundu. Upande wa daraja, hariri hiyo inatakiwa iishie kabla ya kikalio. Ikivuka na kuingia sehemu inayolia, inameza mtetemo na uzi unasikika kama umewekewa kidole. Hutokea kwenye daraja ambalo vikalio viko karibu sana na mwisho. Dawa yake ni rahisi: chukua kile kishanga cha shaba kilicho mwishoni mwa uzi wako wa zamani, kikate kutoka kwenye uzi huo, kisha upitishe uzi mpya ndani yake kabla hujauvisha darajani. Vishanga viwili vikifuatana, uzi mzima unarudi nyuma milimita chache na hariri inatoka juu ya kikalio. Kwenye daraja lenye tundu jembamba kishanga cha ziada hakiingii. Hapo utalazimika kusogeza kikalio mbele kidogo, mradi noti za juu zisiharibike.

"Bado inalia chuma, si ile sauti nene niliyoisikia"

Hii ni dalili ya afya. Nyuzi bapa mpya zina mng'ao, na baadhi zimetengenezwa ziwe nao. Chromes za D'Addario hutoka pakitini zikiwa na mlio wa wazi. Cobalt Flats za Ernie Ball zinakaribia kabisa nyuzi za mviringo. La Bella nene huanza tayari zikiwa na giza. Ukinunua Chromes ukitarajia La Bella, hujaibiwa. Umenunua kitu kingine.

Kinachofanyika uzi unapozoea ni hiki: jasho na mafuta ya vidole huingia polepole kwenye mishono ya utepe, mitetemo ya juu inazimika kwanza, na kiini kinakubali mvuto wake na kuacha kuteleza. Kwa anayepiga kila siku ni suala la wiki kadhaa. Kwa anayepiga Jumapili peke yake ni miezi. Hakuna njia ya mkato inayozidi kupiga. Siku ya kwanza futa zile grisi za kiwandani kwa kitambaa kikavu, vuta kila uzi taratibu kwa vidole kutoka kwenye ubao mara chache, tyuni tena, kisha piga. Usivute kwa nguvu kama wanavyofanya kwenye nyuzi za mviringo, kwa sababu utepe unaweza kuachana na kuacha nafasi.

Usizichemshe. Kuchemsha ni ujanja wa wenye nyuzi za mviringo zilizochoka: maji ya moto hutoa uchafu na kurudisha mng'ao kwa muda. Wewe unautaka huo mng'ao uondoke, na hariri iliyolowa maji inakaa na unyevu hadi kiini kipate kutu. Kuna pia wanaozipaka mafuta ya kupikia ili zizeeke haraka. Mimi nakataa. Mafuta hayo hunasa vumbi, na mwezi mmoja baadaye uzi unanata.

Wakati unasubiri, punguza toni kwa robo, na uhamishe mkono wa kulia ukapige karibu na mwisho wa shingo badala ya karibu na daraja. Kama hiyo haitoshi, tumia sponji. Nenda kwa mafundi wa makochi pale Kibuye uombe kipande walichotupa, ukikate kiwe na upana wa vidole viwili na urefu wa kupita nyuzi zote nne, ukipenyeze chini ya nyuzi karibu kabisa na daraja. Kiguse tu, kikisukuma nyuzi juu, noti zitapanda. Sauti itakuwa fupi na yenye kifua. Fender wenyewe waliweka sponji ndani ya kifuniko cha daraja kwenye Precision za zamani, kwa hiyo usione haya.

Kuzeeka kwenyewe si sheria. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi za Motown kule Detroit, alitumia La Bella nene na anajulikana kwa kutobadilisha uzi mpaka ukatike. Steve Harris wa Iron Maiden naye hupiga nyuzi bapa za Rotosound, lakini huzitaka mpya, kwa ule mlio wa chuma. Wote wawili wako sawa. Ukiipenda sauti ya wiki ya kwanza, itunze: osha mikono kabla ya kupiga na ufute nyuzi kila ukimaliza.

"Nyuzi zimepanda juu, mkono unachoka"

Hapa tuko kwenye uzito wa mvuto, na ndipo uchaguzi wenyewe unapoamuliwa. Watu huchagua kwa jina la kampuni. Mimi ningechagua kwa mvuto kwanza, jina baadaye.

Seti ya kawaida ya besi huvuta shingo kwa zaidi ya kilo 70 kwa jumla. Seti ya La Bella ya 52–110 (unene wa uzi wa G na wa E, kwa sehemu za elfu za inchi), ile ya mtindo wa Jamerson, ni nzito kweli, na shingo iliyokuwa na 45–100 za mviringo itapinda mbele ukiivisha. Chromes za 45–100 ziko katikati. Jazz Flats za Thomastik, 43–100, ni laini sana mkononi. Sasa angalia: E ya Chromes na E ya Thomastik zote zimeandikwa 100, yaani unene wa milimita 2.54, lakini ya Thomastik ina mvuto mdogo kuliko ya Chromes. Unene haukuambii mvuto, kwa sababu kiini na utepe vinatofautiana. Tafuta namba ya kilo au pauni ambayo watengenezaji wengi huichapisha kwa kila uzi. Isipoonekana, uliza aliyewahi kuzivisha.

Ukishavisha, pima upinde wa shingo. Bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) kwa kapo, yaani kibanio cha shingo, bonyeza pale shingo inapoingia mwilini, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 8. Takriban milimita 0.3 inatosha. Kadi mbili nyembamba za kuongeza salio, zile za kukwaruza, zikipita kwa wasiwasi, uko karibu. Nafasi ikiwa kubwa, kaza chuma cha ndani ya shingo kwa ufunguo wa aleni unaoingia bila kucheza: robo ya mzunguko kwa mwelekeo wa saa, si zaidi, tyuni upya, acha mpaka kesho, pima tena. Ukisikia kimegoma, acha. Chuma hicho kikikatika, shingo nzima imekwenda.

Ndipo urudi kwenye vikalio. Kwenye freti ya 17, milimita 2 upande wa G na 2.4 upande wa E ni kipimo cha kuanzia. Nyuzi nzito zinaruhusu kushuka kidogo kwa sababu hazitetemi kwa upana.

Kuna desturi moja ya makanisani inayoua kazi hii yote. Mwalimu mmoja wa kwaya aliniletea besi ambayo shingo yake ilikuwa haitulii hata kwa wiki.

"Fundi, hii naitunza. Kila Jumapili jioni nazilegeza zote, shingo ipumzike."

"Shingo haichoki, mwalimu. Inachanganyikiwa."

Shingo na chuma chake vimewekwa vipingane na mvuto. Ukiondoa mvuto kila wiki, mbao inarudi nyuma, ukikaza inakuja mbele, na uzi bapa, ambao ulikuwa umeanza kuzoea, unaanza upya. Kiini chake pia hakipendi kukunjwa na kukunjuliwa pale kwenye ufunguo. Iache besi ikiwa imetyuniwa, ndani ya mfuko, mbali na dirisha.

Bendi inayotoka Nakuru, mwinuko wa mita 1,850 hivi, ikashuka Kisumu kwenye mita 1,130 na joto la ziwa, isishangae shingo ikisogea baada ya siku mbili tatu. Mbao hunywa unyevu. Kwa onyesho la usiku mmoja, tyuni tu. Kuanza kuzungusha chuma cha shingo nyuma ya jukwaa ni kujitafutia kesi.

"Zinakwaruza freti"

Hii ni kinyume cha nyuzi kupanda juu. Ulikuwa na nyuzi nzito, umeweka laini, shingo imenyooka mno au imepinda nyuma. Legeza chuma cha shingo robo ya mzunguko. Kama mkwaruzo uko kwenye freti moja tu, freti hiyo imenyanyuka na hakuna uzi utakaoiponya.

"Natyuni, inasikika *tink*, halafu imepanda ghafla"

Mfereji wa nati ni mwembamba kuliko uzi. Uzi unang'ang'ania, unaachia, unaruka. Ukitoka 105 kwenda 110 kwenye E hili ni jambo la kutarajia. Dalili yake ya pili ni noti za freti ya kwanza na ya pili kuwa juu kidogo, kwa kuwa uzi umekaa juu ya mfereji badala ya ndani yake.

Kama kung'ang'ania ni kidogo, chora mfereji kwa penseli laini. Ule unga mweusi unatelezesha. Kama uzi hauingii, mfereji lazima upanuliwe. Asiye na tupa za nati anaweza kukunja msasa laini kuuzunguka uzi wa zamani wenye unene unaokaribia na kuupitisha kwa kufuata mwelekeo wa ufunguo. Panua pande, usichimbe chini. Pitisha mara chache, jaribu uzi, rudia. Mfereji uliozidi kina unamaanisha nati mpya, na hiyo ni kazi ya mfupa wa ng'ombe na nusu siku.

"Chini iko sawa, juu ya freti ya 12 imepotoka"

Kabla ya bisibisi, bonyeza kila uzi kwa kidole gumba mbele tu ya kikalio, na tena mbele tu ya nati upande wa freti. Uzi bapa ni mgumu. Ukitoka kwenye kikalio hufanya tao kabla haujanyooka, na tao hilo linadanganya tyuna. Ukishabonyeza, linganisha ule mlio wa kengele unaoupata kwa kugusa uzi juu ya freti ya 12 na noti ya freti hiyo hiyo ukiibana. Noti iliyobanwa ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma. Ikiwa chini, kilete mbele. Fanya hivyo mara nyuzi zinapotulia kidogo, na urudie zikishazoea.

"G inapiga kelele, E haisikiki"

Tatizo ni urefu wa pikapu, ile sumaku iliyo chini ya nyuzi inayonasa sauti. Shusha upande wa G, pandisha upande wa E, nusu mzunguko wa skrubu kila mara. Usiipandishe mpaka iguse. Sumaku iliyo karibu sana huvuta uzi na noti za juu zinaanza kuyumba.

"Inavuma mpaka niishike, na hata nikiishika haiachi"

Kwa nyuzi bapa za chuma, kugusa uzi hukuunganisha na ardhi ya gita na mvumo hupungua. Usipopungua, ama waya wa ardhi ulio chini ya daraja umekatika, ama ulichonunua si uzi bapa wa chuma bali ule uliovikwa utepe wa nailoni, ambao kwa macho unafanana lakini hauna chuma cha kugusa. Nailoni nyeusi utaitambua kwa rangi. Ile angavu ndiyo inayochanganya watu.

"Uzi haufiki", au umekatikia darajani

Besi nyingi zina urefu wa inchi 34 kutoka nati hadi kikalio. Besi fupi ni inchi 30. Uzi bapa wa besi ndefu ukiuweka kwenye besi fupi, sehemu nene itajikunja kwenye ufunguo na utepe utapasuka. Agiza ya urefu wake. Na kama besi yako hupitisha nyuzi nyuma ya mwili, zipitishe juu ya daraja ikiwa inaruhusu. Ile kona kali ya kutoka mwilini hupasua utepe, na watengenezaji kadhaa huonya dhidi yake.

Ikiwa yote yako sawa na bado huipendi

Basi pengine nyuzi bapa si zako. Kwa rumba, rege, zilizopendwa na sifa za polepole, sijui kitu kizuri zaidi. Benga ni mjadala. Besi ya benga, katika mkondo wa bendi kama Shirati Jazz au Victoria Jazz, haijifichi nyuma ya gita. Inaruka, inakatiza, inajibu. Nyuzi bapa za mvuto mzito zenye sponji huipa kila noti mwanzo na mwisho, na mimi nazipenda hapo. Lakini kama bendi yako ina kinanda na ngoma za mashine zinazojaza kila nafasi, zitamezwa. Kuna seti za kati, waya wa mviringo uliosagwa juu, ambazo ni suluhu kwa anayesita. Kwa anayepiga kwa kugonga gumba, rudi kwenye za mviringo bila maswali.

Zikikufaa, hazina ratiba ya kubadilishwa. Joto na unyevu wa ziwa huleta kutu, kwa hiyo chuma cha pua, kama cha La Bella na Chromes, ni chaguo la salama, pamoja na kitambaa kikavu kila ukimaliza. Badilisha uzi utepe wake ukifunguka, au noti za juu zikikataa kukaa sawa hata baada ya kusogeza kikalio. Seti unayoitoa ikiwa nzima usiitupe: izungushe kwa mduara mpana, irudishe pakitini, andika ilitoka kwenye besi ya urefu gani. Seti iliyokwisha kuzoea ina wanunuzi wake.